Kusoma Alama za Hitilafu katika Jiko la Maikrowevu

Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Mkulima akiona mawingu hapigi kelele wala hakimbii. Hutazama yametoka upande gani, kisha huamua kama aanike mtama au auanue. Vivyo hivyo, vyombo vingi vya umeme vya siku hizi vina mawingu yake. Chombo kikipata hitilafu huandika herufi na tarakimu katika kidirisha chake, na mtu anayejua kuzisoma huamua la kufanya. Asiyejua hushtuka, na mara nyingi hutoa fedha bure.

Jambo hili lilitupata nyumbani wakati wa likizo ya mwezi wa Juni. Mama yangu hupika na kuuza chakula Maganzo, karibu na mgodi wetu wa Mwadui. Wateja wake wengine hutoka kazini usiku, na wali uliopikwa saa kumi na mbili jioni huwa umepoa wanapofika. Kwa sababu hiyo alinunua jiko la maikrowevu lililokwisha kutumika. Baada ya miezi michache likakataa kazi na kuonyesha alama ambayo hakuna aliyeijua. Fundi mmoja alilitazama kwa dakika mbili, akasema mtambo wa ndani umekufa, na kutengeneza ni shilingi 95,000. Hizo zilikuwa fedha za mchele na mkaa wa juma zima. Mama alikuwa amekwisha kuzihesabu mezani.

Nitaeleza baadaye jinsi mambo yalivyokwisha. Kwanza yafaa tujue jiko hili ni chombo gani, maana huwezi kujua ugonjwa wa kiungo usichokijua kazi yake.

1. ASILI YA JIKO HILI

Mwaka 1940 ni mwaka tunaoukumbuka sana hapa kwetu, kwani ndipo Dakta John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, alipogundua almasi za Mwadui. Mwaka uleule, katika Chuo Kikuu cha Birmingham huko Uingereza, wataalamu wawili, John Randall na Harry Boot, walitengeneza mtambo mdogo wenye uwezo wa kutoa mawimbi mafupi ya redio kwa nguvu nyingi. Mtambo huo ulitokana na kifaa cha zamani kiitwacho magnetroni. Ulitumika vitani katika rada, yaani chombo cha kuona ndege na meli gizani na mawinguni.

Mwaka 1945 Percy Spencer, fundi wa kampuni ya Raytheon ya Marekani, alitambua kwamba mawimbi hayo hupasha chakula moto. Husimuliwa kwamba alikuwa amesimama karibu na magnetroni inayofanya kazi, akaona peremende ya chokoleti imeyeyuka mfukoni mwake. Mwaka 1947 majiko ya kwanza yakaanza kuuzwa. Mwaka huohuo katika mgodi wa Mwadui ilipatikana ile almasi mashuhuri ya rangi ya waridi, yenye uzito wa karati 54.5, aliyopewa Malkia Elizabeth alipokuwa bado binti mfalme, kwa ajili ya harusi yake. Majiko hayo ya kwanza yalikuwa marefu kuliko watu wengi, na uzito wake ulizidi kilo 300, hivyo yalifaa hoteli na meli tu. Ilipofika 1967 ndipo lilipouzwa jiko dogo la kuweka juu ya meza, nalo ndilo babu wa majiko tunayoyaona leo.

2. JINSI LINAVYOFANYA KAZI

Umeme unaoingia nyumbani kwetu Tanzania ni wa volti 230. Ndani ya jiko la kawaida umeme huo huingia katika transfoma, ukapandishwa hadi kiasi cha volti 2,000. Kisha kapasita na dayodi husaidiana kuuongeza tena mara mbili, hadi karibu volti 4,000. Umeme huo mkali ndio unaoendesha magnetroni. Majiko mengine mapya hayana transfoma nzito, bali yana ubao wa saketi uitwao inveta unaofanya kazi hiyohiyo.

Magnetroni hutoa mawimbi yanayotetemeka mara 2,450,000,000 kwa sekunde moja. Sisi wa Kidato cha Nne twajua kwamba mwendo wa wimbi ni sawa na idadi ya mitetemo mara urefu wa wimbi. Mwendo wa mawimbi haya ni mita 300,000,000 kwa sekunde. Ukigawanya utapata mita 0.122, yaani sentimita 12 na kidogo. Ndiyo maana mlango wa jiko una wavu wa chuma wenye vitundu vidogo: mwanga hupita nasi tukaona chakula ndani, lakini wimbi la sentimita 12 halipiti.

Mawimbi yakifika katika chakula hutikisa chembe za maji zilizomo, na mtikisiko huo huwa joto. Sahani kavu haipati moto sana kwa sababu haina maji. Wazee wengine husema chakula cha jiko hili hubaki na mionzi. Sivyo. Ukizima jiko, mawimbi hukoma palepale, kama vile mwanga unavyokoma ukizima taa. Kinachobaki katika chakula ni joto tu.

Basi tukumbuke viungo vitano: mlango na swichi zake, vitufe vya kuamrisha, vihisi vya kupima joto, feni ya kupooza, na mtambo wa mawimbi wenyewe. Alama karibu zote za hitilafu huhusu kimojawapo cha viungo hivi.

3. ALAMA ZISIZO UGONJWA

Kabla ya kutafuta ugonjwa, hakikisha kwamba kweli kuna mgonjwa. Alama zifuatazo huwatisha watu bure:

(a) Saa inayowaka na kuzimika, mara nyingi 0:00. Hii husema tu kwamba umeme ulikatika na saa yahitaji kupangwa upya. Katika majiko mengine, hasa yaliyotoka Marekani, huandikwa PF kwa maana hiyohiyo.

(b) Herufi L, au neno LOC, au picha ya ufunguo. Jiko limefungwa ili watoto wasilichezee. Katika majiko mengi hufunguliwa kwa kushikilia kitufe cha kusimamisha kwa muda wa sekunde tatu hivi.

(c) Neno END. Kazi imekwisha, fungua mlango utoe chakula.

(d) Jiko linahesabu dakika, lakini chakula hakipati moto na sahani haizunguki. Huenda limewekwa katika hali ya maonyesho ya dukani. Kitabu cha jiko hueleza namna ya kuliondoa katika hali hiyo.

4. ALAMA ZA HITILAFU

Jambo la kwanza kulijua ni kwamba hakuna lugha moja ya alama hizi. Kila kiwanda kina yake, na alama ya E1 ya kiwanda kimoja yaweza kuwa na maana mbali kabisa na E1 ya kiwanda kingine. Kwa hiyo usimwulize jirani aliye na jiko la kiwanda kingine. Tafuta kitabu cha jiko lako. Kikiwa kimepotea, tazama kibandiko kilicho nyuma ya jiko au pembeni mwa mlango, unakili jina la kiwanda na namba kamili ya aina ya jiko, kisha utafute kitabu cha namba hiyo katika tovuti ya kiwanda chenyewe. Hata hivyo, magonjwa yenyewe ni machache, nayo yaweza kupangwa katika makundi manne.

Kundi la kwanza: vitufe. Jiko ladhani kwamba kuna kitufe kinachobonyezwa wakati hakuna anayekibonyeza. Katika majiko ya Samsung alama yake ni SE, au C-d0 katika yale mapya. Katika majiko ya LG mara nyingi ni F3. Chanzo huwa ni maji, mvuke au mafuta yaliyopenya chini ya utando wa vitufe, ama kitufe kilichochakaa kwa kubonyezwa sana. Chomoa plagi, panguse vitufe kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri, kisha kwa kitambaa kikavu. Acha jiko likauke, ndipo ujaribu tena. Hili ndilo kundi ambalo mtu wa nyumbani aweza kulisaidia zaidi.

Kundi la pili: joto na vihisi. Jiko limeona joto limezidi, au kihisi kinachopima joto kimekatika. Katika majiko mengine ya Samsung, C-21 husema joto limezidi kiasi. Zima, acha lipoe, kisha tazama matundu ya hewa. Hapa kwetu Shinyanga, vumbi la kiangazi huingia kila mahali, na wengi wetu hulisukuma jiko hadi likagusa ukuta au huweka nguo na magazeti juu yake. Feni hukosa hewa, na swichi ya joto hukata umeme ili kuliokoa jiko. Likipoa huwaka tena, na mwenyewe hudhani limepona. Halikupona, linangoja kupata joto tena. Lakini alama ikirudi hali jiko ni la baridi, basi kihisi chenyewe kina ubovu, na hiyo ni kazi ya fundi.

Kundi la tatu: mlango. Jiko halitaki kuanza, au huandika neno la kuomba mlango ufungwe. Tazama kama kuna punje ya wali katika matundu ya ndoano za mlango, au kama kuna ndoano iliyovunjika. Punje yaweza kuondolewa kwa kijiti. Ndoano iliyovunjika, bawaba iliyolegea au mlango uliopinda si vya kuunganishwa kwa gundi nyumbani. Nitaeleza sababu mbele kidogo.

Kundi la nne: mtambo wa mawimbi. Katika majiko ya Panasonic, H97 na H98 husema kuna tatizo katika sehemu inayotengeneza mawimbi. Chomoa plagi, ngoja dakika chache, uchomeke moja kwa moja katika soketi ya ukutani, ujaribu mara moja. Alama ikirudi, kazi yako imekwisha. Mpelekee fundi mwenye ujuzi, umwambie alama uliyoiona.

5. HATUA ZA KUFUATA KWA TARATIBU

Mwalimu wetu wa Fizikia hupenda kutuambia kwamba fundi mbaya hubadilisha mambo matano kwa pamoja, na jiko likipona hajui lililoliponya. Fuata hatua hizi moja moja:

Kwanza, andika alama kama ulivyoiona, herufi kwa herufi, kabla hujagusa chochote. Alama ikifutika umepoteza ushahidi.

Pili, andika lililotangulia. Je, umeme ulikatika ukarudi? Je, mtu aliosha jiko? Je, lilitumika muda mrefu bila kupumzika?

Tatu, chomoa plagi kwa dakika tano. Alama nyingine hutokea kwa sababu akili ya jiko imevurugwa na umeme uliokatika na kurudi ghafula, nazo huondoka kwa kupumzishwa.

Nne, itazame plagi na soketi. Ikiwa imeungua, imelegea au ina joto, usiendelee kutumia. Plagi yenye meno matatu ya bapa ina fyuzi ndani; fyuzi hiyo yaweza kuwa ndiyo iliyokatika.

Tano, tazama mlango, vitufe na matundu ya hewa, kama nilivyoeleza.

Sita, weka kikombe cha maji ndani, ujaribu kwa dakika moja. Usijaribu jiko likiwa tupu kabisa, maana mawimbi yasipopata wa kuyapokea humrudia mtoaji, na magnetroni yaweza kuharibika.

Saba, alama ikirudi, acha. Sasa una maelezo mazuri ya kumpa fundi, naye hawezi kukueleza hadithi.

6. JIKO LA MAMA

Nilipofuata hatua hizi, nilimwuliza mama lililotangulia. Alisema usiku ule mchuzi ulimwagika juu ya vitufe, naye akaviosha kwa kitambaa chenye maji mengi. Nilipata kitabu cha jiko kwa namba iliyo nyuma yake, nikaona kwamba alama ile ni ya kundi la kwanza: vitufe. Haikuhusu kabisa mtambo wa ndani uliotajwa na yule fundi. Tulichomoa plagi, tukapangusa, tukaliacha jiko siku nzima mahali pakavu penye hewa. Kesho yake alama ilikuwa imetoweka, na mama akazirudisha shilingi 95,000 katika kibati chake.

Lakini habari haikuishia hapo. Baada ya siku mbili mama alilalamika kwamba jioni chakula hakipati moto vizuri. Taa yawaka, sahani yazunguka, feni yavuma, na kidirisha hakina alama yoyote. Hapa nilijifunza kwamba si kila ugonjwa una alama. Jiko lisiposema, lazima tulipime wenyewe.

7. JARIBIO LA MAJI

Jaribio hili ni rahisi, na mtu yeyote mwenye kipimajoto aweza kulifanya. Mimi nilikuwa nimeazima kimoja kwa ruhusa ya mwalimu.

Pima lita moja ya maji, yaani kilo moja, katika bakuli la plastiki linalofaa jiko hili au la kioo jembamba. Koroga, upime joto, uandike. Toa kipimajoto. Pasha kwa nguvu yote kwa sekunde 60 kamili. Toa bakuli, koroga tena, upime mara moja. Tafuta tofauti ya joto.

Twajua kwamba kilo moja ya maji yahitaji jouli 4,200 ili joto lake lipande kwa digrii moja ya sentigredi. Kazi hiyo imefanywa kwa sekunde 60. Nayo 4,200 ukiigawa kwa 60 wapata 70. Kwa hiyo kila digrii moja iliyopanda ni sawa na wati 70. Maji yakipanda digrii 10, jiko linatoa wati 700.

Jiko la mama limeandikwa wati 700. Saa mbili usiku nililipima likiwa pale pale linapofanyia kazi. Maji yalipanda kutoka digrii 24 hadi 30, yaani digrii 6. Mara 6 kwa 70 ni wati 420 tu. Theluthi moja ya nguvu na zaidi kidogo ilikuwa imepotelea wapi?

Jiko lile lilikuwa likipata umeme kwa waya mrefu mwembamba uliotoka chumba cha pili, ukiwa na viungo viwili vilivyosokotwa kwa mkono na kufungwa kwa utepe. Usiku huohuo nililibeba jiko hadi chumba cha pili, nikachomeka katika soketi ya ukutani, nikatumia bakuli lilelile na maji mengine yenye digrii 24. Safari hii yalipanda hadi 33. Mara 9 kwa 70 ni wati 630. Kiasi kidogo kilichopungua si ajabu, kwa kuwa bakuli na hewa navyo huchukua joto. Saa ilikuwa ileile, jiko lilelile, maji kiasi kilekile. Kilichobadilika ni waya peke yake. Kwa hiyo waya ndio uliokuwa na kosa.

Sababu yake tumeisoma darasani. Jiko la wati 700 za kupasha huvuta umeme zaidi ya huo, kiasi cha wati 1,150, kwa sababu nguvu nyingine hupotea kama joto katika transfoma na magnetroni. Ukigawa 1,150 kwa 230 wapata ampea 5. Ampea 5 zikipita katika waya mwembamba wenye viungo vibaya, sehemu ya volti hupotea njiani, na jiko hupata volti pungufu. Magnetroni nayo haipungui kidogo kidogo kama balbu. Volti zikipungua kidogo, mawimbi hupungua sana. Volti zilizopotea hazikwenda mbali: zilikuwa zikiupasha moto waya wenyewe. Nilipokigusa kiungo kimoja kwa juu ya utepe kilikuwa cha moto. Juu yake lilikuwa limetundikwa pazia.

Hapo ndipo niliposahau habari ya wali baridi. Mama na wadogo zangu wawili hulala katika chumba kile.

Mama alimwita fundi umeme mwenye leseni, akaweka soketi mpya yenye waya wa unene unaofaa. Kazi hiyo iligharimu chini ya zile shilingi 95,000, na safari hii fedha zilikwenda mahali palipostahili.

8. MPAKA USIOVUKWA

Sasa yanipasa kukiri kosa langu, ili mwenzangu asilirudie. Kabla sijafikiria waya, nilikuwa nimedhani ubovu umo ndani ya jiko. Nilichomoa plagi, nikachukua kisu cha jikoni, nikafungua skrubu mbili za kifuniko. Nilijiona nimechukua hadhari ya kutosha kwa kuwa plagi haikuwa ukutani. Mjomba wangu, ambaye amefanya kazi ya umeme kwa miaka mingi, aliingia kumsalimia mama akaniona.

"Mpwa wangu, weka kisu chini," alisema.

"Mjomba, nimekwisha kuchomoa plagi."

"Nimeiona. Na kapasita umeichomoa wapi?"

Sikuwa na jibu. Akaniketisha, akanieleza. Kapasita ni ghala ya umeme. Katika jiko hili yaweza kubaki imejaa hata baada ya plagi kuchomolewa. Nyingi huwekewa kizuizi kidogo cha kuumwaga umeme polepole, lakini kizuizi hicho nacho huweza kufa, na kwa nje huwezi kujua. Volti 4,000 ni zaidi ya mara 17 ya umeme wa ukutani. Anayeligusa jiko hili ndani bila ujuzi na vifaa aweza kufa papo hapo, hata kama jiko liko mezani peke yake bila waya. Nilizirudisha skrubu zile mbili mikono ikitetemeka.

Kwa hiyo zishikeni kanuni hizi:

(a) Usifungue kifuniko cha jiko, hata likiwa limechomolewa, hata likiwa bovu, hata likiwa limetupwa. Nawasihi hasa vijana wanaovunja vyombo vibovu ili wauze shaba: jiko hili si redio ya zamani. Tena, kauri ya baadhi ya magnetroni ina madini ya berili, ambayo vumbi lake ni sumu kwa mapafu likivutwa.

(b) Usichezee swichi za mlango. Jiko lina swichi tatu mlangoni. Mbili hukata umeme mlango unapofunguliwa. Ya tatu ni mlinzi wa hizo mbili: zikishindwa kufanya kazi, yenyewe hukata fyuzi kwa makusudi ili jiko lisiwake mlango ukiwa wazi. Fundi akikuta fyuzi imekatika akaweka kipande cha waya mahali pake, amemfukuza mlinzi na kumwachia mwizi mlango.

(c) Usitumie jiko ambalo mlango wake haufungi sawasawa. Mawimbi yanayopasha wali yaweza kuunguza jicho pia.

(d) Usiingize sahani yenye urembo wa dhahabu, bati, sufuria wala kijiko. Ukiona cheche, zima mara moja.

(e) Umeme ukikatika, chomoa plagi mpaka utakaporudi na kutulia.

(f) Jiko likitoa moshi, usifungue mlango. Zima umeme kwanza. Moto ukikosa hewa hufa wenyewe.

9. MASWALI YA KUJIPIMA

1. Jiko limeandikwa wati 800. Lita moja ya maji imepanda kutoka digrii 25 hadi 33 kwa sekunde 60. Jiko linatoa wati ngapi, nawe utachunguza nini kwanza kabla ya kulaumu magnetroni?

2. Jiko huzimika kila baada ya dakika kumi, na huwaka tena likipoa. Utatazama sehemu gani?

3. Eleza kwa nini kuchomoa plagi hakutoshi kulifanya jiko kuwa salama kufunguliwa.

4. Fyuzi hukatika kila mara mlango unapofunguliwa. Kwa nini ni hatari kuweka fyuzi kubwa zaidi?

Majibu ya swali la kwanza yako katika sehemu ya 7, la pili katika sehemu ya 4, na mawili ya mwisho katika sehemu ya 8.

MWISHO

Mambo tuliyoyatumia hapa hayakutoka mbali: urefu wa wimbi, joto la maji, volti na ampea. Yote tumeyaandika katika madaftari yetu, na wengi wetu huyakariri kwa ajili ya mtihani wa mwezi wa Novemba. Lakini mwaka huu nimeona kwamba hesabu moja fupi, 4,200 kugawanya kwa 60, yaweza kuonyesha mahali moto ulipojificha nyuma ya pazia.

Yule fundi wa kwanza simlaumu sana. Huenda hakujua kusoma alama ile, akaona haya kusema hajui. Nami pia sikujua habari ya kapasita, lakini kisu kilikuwa mkononi mwangu. Tofauti yetu ni kwamba mimi nilipata mjomba wa kunisimamisha. Basi mwenzangu, siku utakayoona herufi ngeni katika kidirisha cha jiko la nyumbani kwenu, chukua kalamu kabla ya bisibisi.